Senge Alinifundisha Kupumua

Niseme mapema: sijawahi kupenda maji baridi. Mtu aliyelelewa Kitale hayapendi, anayavumilia tu. Nyumbani kwetu, mtaa wa Tuwan, mwezi wa saba, maji ya mtungi yaliuma meno, na mama alituchemshia ya kuoga mpaka tulipokuwa wakubwa wa kuona haya. Kwa hivyo msichana aliyeamka kabla ya kengele katika shule ya bweni upande wa Bungoma, akaingia bafuni na ndoo ya maji ya tangi na kujimwagia kwa hiari yake, hakuwa anatafuta sifa. Alikuwa amebanwa.

Nilikuwa kidato cha nne, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Shule haihitaji jina. Ilikuwa na ua wa kayaba wenye miiba ya kumtoa mtu damu, lango moja, na kengele iliyotuamulia kila kitu, hata wakati wa kuona kiu. Ukiingia mwezi wa kwanza na sanduku lako la bati, hutoki mpaka wakubwa waseme utoke.

Lakini si ua ulionibana. Baba alikuwa akipima misumari na kukata mabati katika duka la mzee mmoja wa Kisikh mjini Kitale. Kaka yangu aliacha shule baada ya darasa la nane ili mimi niendelee. Hakulazimishwa. Alisema mwenyewe mezani, katikati ya kula, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, kisha akaendelea kula. Tangu siku hiyo sikuweza kumwona akichukua jembe bila kujiona mwizi. Siku za wazazi kutembelea shule, baba alikaa kwenye benchi na wazazi wengine, akanionyesha kwa kidole na kuwaambia, "Huyu ndiye wa kwetu." Hakumaliza sentensi. Mimi ndiye niliyepaswa kuimalizia.

Muhula wa pili tulifanya mtihani wa majaribio, ambao sote tuliuita moki. Karatasi ya hesabu ilipofika nilifungua ukurasa wa kwanza nikaona maswali ninayoyajua. Hilo ndilo lililoniudhi baadaye, kwamba niliyajua. Nikataka kuvuta pumzi nianze, pumzi ikakataa. Iliingia kidogo, ikaishia kooni. Vidole vikafa ganzi. Moyo ulikuwa ukipiga kwa nguvu hata nikadhani msichana wa dawati la mbele ataugeukia. Nikaandika jina na namba yangu, kisha nikakaa saa mbili na zaidi nikijifanya nafikiri.

Sikumwambia mtu. Pale shuleni, msichana akianguka au akipiga kelele bila sababu inayoonekana, wenzake walimzunguka na kumwombea mpaka sauti zikawakauka. Siku ya pili aliandikiwa barua aende nyumbani apumzike. Wengi hawakurudi. Nami nilitaka mambo mawili tu duniani: nifanye mtihani wa mwisho, na baba asijue kwamba namwogopa.

Likizo ya Agosti nilipelekwa kwa dada yake baba, upande wa Lugulu, nikamsaidie kuvuna maharagwe. Shangazi wa aina hiyo kwetu tunamwita senge. Si shangazi wa kuja na peremende tu. Senge ndiye anayemkalisha msichana chini akikaribia kuolewa, akamweleza yale ambayo mama yake anaona haya kuyataja. Huyu wangu, juu ya hayo, alikuwa mkunga katika hospitali ya misheni, na mikono yake ilinuka sabuni kali hata akiwa shambani.

Siku ya nne alikuwa akichambua mboga jikoni. Akaniuliza tu, bila nia mbaya, mtihani unaanza lini. Nikafungua mdomo nimjibu, na kifua kikafunga.

Senge hakushtuka wala kuomba. Aliweka sufuria chini, akanishika taya kwa mkono wenye maji.

"Keti. Vuta kwa pua. Moja, mbili, tatu, nne. Haya, sasa toa na mdomo, pole pole, kama unapoza uji ya mtoto. Usimwage hiyo uji. Tena."

Nikavuta, nikatoa. Alihesabu yeye, nne za kuvuta na saba za kutoa, mpaka niliposhika mwendo, akaniachia taya na kurudi kwenye mboga zake.

"Wamama wanakujanga kwangu wakidhani watakufa," alisema. "Uchungu ni uchungu, utapita. Kitu inawamaliza nguvu ni kushikilia pumzi. Na wewe unashikilia pumzi tangu ufike hapa. Nimekuangalia tu."

Kisha akatoka nje, akarudi na karai la maji yaliyolala kwenye baridi, akaniambia nitie uso. Nikamuuliza kwa nini.

"Mtoto akizaliwa kimya, wakunga wa zamani walikuwa wanamrushia maji baridi. Anashtuka, analia, anapumua. Sasa wewe si umekaa kimya miaka kumi na nane? Tia uso."

Nikatia. Baridi ilinikamata paji la uso, ikashuka mashavuni, na ndani ya kichwa changu kukawa kimya. Nilipoinua uso, pumzi iliingia yote mpaka chini. Nililia hapo hapo, kwa sababu nilikuwa nimesahau inavyokuwa. Senge akanipa kitambaa cha vyombo nijipanguse. Nikamwomba asimwambie baba. Akacheka akasema yeye ameficha siri za watu wakubwa kuliko mimi.

Hivyo ndivyo nilivyoanza muhula wa tatu. Kila siku niliamka kabla ya wenzangu na kupita kati ya vitanda vya ghorofa nikiwa nimebeba viatu mkononi. Bafu zilikuwa vyumba vidogo vya mabati nyuma ya bweni, na maji ya tangi alfajiri hayana urafiki na mtu. Nilianza na uso kwenye ndoo, nikahesabu. Kisha nikajimwagia shingoni, kopo moja moja. Mwili ulitaka kupiga kelele na kukimbia. Nikaukatalia. Vuta kwa pua nne, toa kwa mdomo saba, poza uji. Kopo lingine. Ulipokuja mguno nilimeza nusu na kuachia nusu.

Sitadanganya kwamba hofu iliisha. Ila kwa dakika hizo chache sikuogopa mtihani, niliogopa kopo linalofuata, na kopo ni kitu cha ukubwa wa kueleweka. Nikitoka hapo, mikono imekakamaa kwa baridi, niliweza kufungua kitabu cha hesabu na kupumua mpaka kengele ya chai. Wiki tano nikaenda hivyo.

Sasa, matroni wetu alikuwa na chumba mwisho wa bweni, karibu na bafu. Alikuwa mwenyeji wa Bungoma, mama mnene mwenye moyo mzuri na masikio mabaya zaidi duniani, maana yalisikia kila kitu. Alikuwa amezaa watoto saba. Alfajiri moja alitoka nje kwa haja zake, akasikia kutoka kwenye mabati pumzi ndefu, mguno, pumzi ndefu, kimya, halafu tena. Kila mwanamke aliyepitia kliniki ya wajawazito anaijua pumzi hiyo. Yeye aliijua mara saba.

Hakunivamia. Alinichunguza siku tatu, nasikia hata alishika saa akipima nafasi kati ya mguno na mguno. Kisha akakusanya ushahidi wake. Naacha uji wa asubuhi. Kweli, tumbo langu lilikataa chochote kabla ya saa nne. Navaa sweta adhuhuri jua likiwaka. Kweli, ile baridi ilikuwa haitoki mifupani. Siku hizi sichezi mpira wa wavu. Kweli pia, nilikuwa nasoma. Siku ya nne aligonga bati.

"Fungua, mama. Usiogope. Imefika karibu?"

Nilifungua nikiwa nimejifunga leso, natetemeka, maji yananitiririka. Akamulika tochi tumboni, si usoni. Akatikisa kichwa kwa huruma, akanivika shuka lake na kuniongoza chumbani kwake, akanipa chai yenye sukari nyingi. Nilipoelewa anachofikiri, ile chai ilikuwa imekwisha, na yeye alikuwa amekwisha kumwita mwalimu mkuu.

Mwalimu mkuu alikuwa mwanamke wa kanisa, mpole kiasi cha kuogofya. Hakuwahi kupaza sauti. Alinikalisha ofisini, matroni akasimama mlangoni, na maswali yakaanza.

"Una mimba?"

"Hapana, mwalimu."

"Basi nani alikufundisha kupumua hivyo?"

"Senge yangu."

Wakatazamana. Nikajua nimekosea, ila sikuona ningesema nini kingine, kwa kuwa ndio ukweli.

"Na senge yako anafanya kazi gani?"

"Ni mkunga."

Matroni akasema "Wee" kwa sauti ndogo.

"Alikufundisha lini?"

"Likizo ya Agosti."

"Kuna mtu mwingine nyumbani anajua?"

"Hapana. Nilimwomba asimwambie baba."

Nikahisi kila jibu la kweli linapiga msumari mwingine kwenye mlango uleule. Kwa watu wetu, senge aliyekufundisha jambo kwa siri na baba hajui, jambo hilo ni moja tu. Hata mimi ningekuwa upande ule wa meza nisingeamini hadithi nyingine. Mwalimu mkuu akaniuliza mara ya mwisho, kama si mimba, ni nini. Jibu nilikuwa nalo ulimini. Ningesema naogopa. Lakini niliona barua ya kupumzika nyumbani, nikaona sanduku langu la bati, nikaona kaka yangu akiwa shambani anainua kichwa kunitazama nikirudi. Nikanyamaza. Kunyamaza kwangu kukahesabiwa kuwa ndiyo.

Hiyo ilikuwa Jumatano. Karatasi ya kwanza ilikuwa Jumatatu. Nikafungiwa katika chumba cha wagonjwa, "usiambukize wengine tabia," alisema matroni, ingawa aliniletea chakula mwenyewe na kukikanda kitanda kwanza aone kama ni laini. Dirisha lilikuwa na wavu. Niliwasikia wenzangu wakikariri majina ya mito na tarehe za mikataba, nikasikia pia jina langu likipita kutoka mdomo hadi mdomo. Kifua kilifunga asubuhi, mchana na jioni. Sikuwa na ndoo. Na sikuthubutu kupumua kwa mdomo, maana kila pumzi ingekuwa ushahidi mpya. Nililala nimeuma shuka. Nikiulizwa leo jela ikoje, siwezi kusema, lakini nadhani ningeizoea upesi.

Walipiga simu dukani Kitale. Baba akaitwa mbele ya wateja akaambiwa hivyo, kwa simu, mkononi ameshika mizani. Alifika Ijumaa mchana akiwa na koti lake la kanisani na vumbi la saruji kwenye viatu. Hakunisalimu. Alimtazama mwalimu mkuu akasema maneno ambayo nadhani aliyafanyia mazoezi njia nzima.

"Mwalimu, tafadhali mwache afanye mtihani. Mtoto tutalea sisi. Bibi yake ako, mama yake ako. Lakini mtihani afanye."

Nilimpenda baba dakika ile, nikamkasirikia dakika ileile. Alikuwa tayari kulea mjukuu asiyekuwepo, na alikuwa hajaniuliza kitu hata kimoja.

Mwalimu mkuu akasema sheria inataka nipimwe, tena si pale anapofanya kazi senge. Jumamosi asubuhi tukaenda kliniki moja mjini Bungoma, baba mbele, mimi katikati, matroni nyuma na kikapu. Nesi alinipima, akarudi, akasema hakuna mimba hapa wala haijawahi kuwepo. Baba alifunga macho. Matroni alionekana kama mtu aliyenyang'anywa kitu.

Tukarudi ofisini. Nilidhani imekwisha.

"Basi sema ukweli, mama," matroni akaniambia. "Mimi nimezaa saba. Hiyo pumzi naijua."

"Kama si mimba ni ugonjwa," mwalimu mkuu akasema kwa upole wake. "Na kama ni ugonjwa lazima nijue kabla ya Jumatatu. Siwezi kukuingiza kwenye chumba cha mtihani bila kujua."

Hapakuwa na pa kujificha tena. Baba alikuwa ameketi mkono wangu wa kulia, magoti yake karibu yaguse yangu.

"Naogopa," nikasema.

"Unaogopa nini?"

"Mtihani. Na baba."

Nikaona sasa nimeanza, nikaeleza yote: moki, kifua, jikoni kwa senge, karai, kopo, kuhesabu nne na saba. Mwalimu mkuu alivua miwani akasema kila mtu huogopa mtihani. Nikamwambia si hivi. Akavaa tena miwani, akasema nitafanya, ila sitaingia bafuni kabla ya kengele tena, na nisiwasumbue wenzangu kwa kelele. Hivyo, kwa neno moja, akanirudishia mtihani na kuninyang'anya maji.

Baba alikuwa akitazama mikono yake. Alipozungumza ilikuwa kwa sauti ya chini, ya mtu anayesema na nafsi yake.

"Ingekuwa mimba ningejua la kufanya."

Nilimsindikiza mpaka langoni. Askari alikuwa anaota jua kwenye kiti chake. Baba alisimama, akageuza kofia mkononi.

"Sasa hii yako, mimi nifanye nini?"

Sikuwahi kuulizwa swali zuri kama lile. Nikafikiri vizuri kabla ya kujibu.

"Usiniulize kama nitapita, baba. Hiyo tu."

"Sawa. Sitauliza."

Tukaagana. Alipita lango, akaenda hatua kama kumi, akasimama kutazama kitu ardhini, akarudi. Nilidhani amesahau mwavuli.

"Lakini utapita, si ndiyo?"

Uso wake ulikuwa umejaa aibu. Alijua anachofanya, na hakuweza kukizuia, kama vile mimi nisivyoweza kukizuia kifua changu. Nikamjibu, "Ndiyo, baba." Na hapo hapo pumzi ikakatika.

Nilikuwa nimechoka kuuma shuka. Nikavuta kwa pua, nikahesabu, nikatoa kwa mdomo, mashavu yamevimba, mbele ya baba na mbele ya askari. Askari akainuka kitini. Baba hakusogea. Alitazama ua wa kayaba mpaka nilipomaliza, akasema "Haya basi," akavaa kofia akaenda zake.

Jumatatu niliingia ukumbini. Karatasi ilipofunguliwa kifua kikafunga, kama nilivyojua. Ukumbi mzima ulikuwa umeshasikia habari zangu, na matroni alikuwa mlangoni. Nikapumua kwa sauti. Wasichana wawili walicheka. Msimamizi akaja akasimama juu yangu, akaona naandika, akaondoka. Nilifanya hivyo karatasi zote, wiki nne. Mwisho hakuna aliyecheka, na msichana wa dawati la nyuma alianza kupumua nami, sijui kwa mzaha au kwa shida yake mwenyewe. Sikumgeukia.

Nilipita. Si kama baba alivyotaka, lakini vya kutosha kwenda chuo cha ualimu, na kaka yangu alichinja kuku. Baba aliwaambia majirani wote kwamba nimepita. Ile habari nyingine, ya kifua changu, alikuwa ameishughulikia mapema kwa njia yake. Nilipofika nyumbani na sanduku langu, mama alinikumbatia akanigusa shingo, akauliza malaria imeisha kabisa ama bado iko. Nikamtazama baba. Alikuwa anafungua kamba ya sanduku, na ile kamba ikamchukua muda mrefu sana.

Hatukuwahi kulizungumza, mimi na baba, mpaka akafariki. Mama bado yuko, ni mzee sasa. Nikienda kumwona, mara nyingine kifua hunibana, nami hupumua jikoni kwake bila kujificha, nne na saba. Yeye huinuka taratibu kwa kushika meza, huenda kabatini, na kurudi na vidonge na kikombe cha maji.

"Hii malaria yako ya shule," husema, "imekataa kuisha."

Nami humeza.